Ubao wa Upande wa Nyuma

Ukiitazama kutoka barabarani, nyumba ya marehemu Mzee Philbert Kalinga pale Ilomba ilikuwa mpya. Fisha bodi za PVC, nyeupe pepe, zilizunguka ukingo wa paa na kuficha ncha za kenchi, na wapita njia walipunguza mwendo kuzitazama. Ukizunguka nyuma ndipo ulipokutana na umri wake. Kule fundi hakuwa amefika. Mbao za zamani zilikuwa bado juu, za kijivu, zimeliwa na mvua mpaka kingo zimelainika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Na karibu na kona ya jiko palikuwa na pengo. Ubao mmoja haukuwepo.

Sajenti Mwamvita alisimama chini ya pengo hilo, mikono kwenye mifuko ya koti. Julai ya Mbeya haina adabu hata jua likiwa limewaka. Hapo aliposimama ndipo Mzee Kalinga, mstaafu wa kiwanda cha karatasi kule Mgololo, alipookotwa jioni ile amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Fundi wake, Jailos, alikuwa mahabusu kituoni, na mkuu wa upelelezi, Afande Sosthenes, alikwisha kuamua kwamba kesho asubuhi anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua. Kosa hilo halina dhamana. Mtu akishaingia huko hutoka siku kesi ikiamuliwa, na kesi za namna hiyo huenda kwa mwendo wa konokono. Mwamvita hakuamini kwamba Jailos ameua. Alikuwa amebakiwa na mchana huu tu wa kulithibitisha hilo.

Mambo yaliyomkaba Jailos yalikuwa mepesi kueleweka, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Mafundi wa paa wana desturi yao: ukibadilisha fisha bodi, mbao kuukuu unaondoka nazo wewe. Mzee Kalinga akagoma. Mbao zile alizipasulisha mwenyewe Mufindi enzi za ujana wake, akazisafirisha hadi Mbeya, na hakuwa tayari kumwona mtu akizibeba begani hata kama zimeoza. Walirushiana maneno mpaka majirani wakatoka. Jailos akakusanya vyombo vyake na kuondoka, akasema, "Tusije tukalaumiana, mzee." Watu husema hivyo kila siku, kwa muuza mkaa, kwa kondakta, kwa shemeji. Lakini neno hilohilo likiandikwa kwenye maelezo ya shahidi, chini yake kukiwa na maiti, linageuka kitisho.

Halafu daktari akaleta taarifa yake. Mzee alipigwa kwa kitu kizito chenye ubapa, na ndani ya jeraha kulikuwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama ya misumari. Ubao wenye misumari. Afande Sosthenes alisoma mara moja tu, akafunga jalada na kuagiza chai.

Mwamvita yeye alisoma tena. Kisha akaenda kumuuliza Jailos swali ambalo hakuna aliyemuuliza: mbao ukishazishusha, misumari unaifanyaje? Jailos akashangaa kuulizwa. Alisema huing'oa yote kabla ubao haujalala chini, maana watoto wa mtaa wanapita peku, kisha huinyoosha kwa nyundo na kuihifadhi kwenye kopo la rangi kwa kazi za mabanda. Kopo hilo polisi walikuwa nalo. Afande Sosthenes alilichukua kama kielelezo dhidi yake, kwa hoja kwamba mwenye misumari ndiye aliyetia jeraha. Kwa Mwamvita kopo lile lilisema kinyume. Kama kila ubao alioushusha Jailos haukuwa na msumari, basi ubao uliomuua mzee haukushushwa na Jailos. Ulitoka upande ambao hakuwa ameugusa, na Mwamvita akamwahidi kwamba atautafuta.

Sasa akapanda ngazi mpaka kwenye lile pengo. Ncha za kenchi kwenye pengo zilikuwa zimechanika, na kibanzi cha ubao kilikuwa bado kimening'inia. Fundi hung'oa kwa mtarimbo, na mtarimbo huacha alama ya meno pale ulipoegemea. Hapakuwa na alama. Mtu alikuwa amening'inia kwenye ubao huo kwa mikono yake miwili na kuuvuta kwa hasira, nao kwa vile umeoza ukamfuata. Akapiga picha kwa simu, akashuka.

Sasa alihitaji ubao wenyewe. Rundo la mbao za zamani lililokuwa uani siku ya kifo halikuwepo tena. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kupoteza muda kwa mama mmoja muuza maandazi, jirani wa tatu, mwenye lundo la mbao kuukuu nyuma ya banda lake. Alizigeuza zote, moja moja, mama yule akimtazama kama anamkagua mke mwenza. Zilikuwa mbao za banda la kuku, na zilinuka hivyo.

Dada wa marehemu, shangazi Rozalia, alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya jiko akimenya viazi. Alikuja kutoka Iringa kwa ajili ya msiba na alikuwa hajaondoka. Mwamvita alikulia Iringa, baba yake akiuza vitambaa sokoni, kwa hiyo alichuchumaa na kusalimu inavyotakiwa.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Karibu kiazi."

Waliongea kwanza habari za baridi na za safari. Kisha Mwamvita akauliza mbao za paa zilikwenda wapi.

Rozalia akaonyesha kwa kisu, kule katikati ya ua, palipokuwa na duara jeusi ardhini. "Si ndizo zilizotupikia? Watu walikuwa wengi, kuni za kununua zingetoka wapi? Mkwe wa kaka akazitia zote. Mbao kavu zile, ziliwaka vizuri."

Mwamvita alilitazama duara lile. Siku ya mazishi alikaa hapo na wanawake wengine, akaota moto, akapewa kikombe cha chai ya tangawizi na akashukuru. Afande Sosthenes naye alikuja kutoa pole, akala sahani ya wali na nyama na kuomba kuongezewa. Kielelezo walichokuwa wakikitafuta kilikuwa kikiwaka chini ya sufuria mbele ya macho yao, nao wakinyoosha viganja kupokea joto lake.

Polisi waliofika jioni ile walichukua mwili, wakaandika majina, wakaahidi kurudi kukusanya vitu. Waliporudi walikuta turubai limefungwa, wanawake wamejaa uani na kilio kimeanza. Hakuna polisi wa Mbeya atakayezungushia msiba kamba na kuwaambia waombolezaji watoke. Walivua kofia, wakatoa rambirambi, wakaondoka.

Mwamvita akamuuliza Rozalia kuhusu kaka yake, siku zake za mwisho. Shangazi akasema kwamba kaka alimpigia simu usiku wa kuamkia siku aliyokufa. Alimwambia kwamba Anjela, binti yake wa pekee, amerudi nyumbani na wanawe, na safari hii harudi tena kwa mumewe, Obeid. Alimtaka awaite wazee wa ukoo wakae kikao.

"Alisema kwa nini?"

"Mkono. Alisema njoo umwone mkono." Kisha akashtukia alichosema, akaweka kisu chini. "Hayo ni mambo ya ndani, mwanangu. Usiyaandike."

Mwamvita hakuyaandika, lakini alisimama akiwa na kitu. Kwenye jalada kulikuwa na maelezo ya Anjela na ya Obeid, yanayofanana kama mapacha: walitoka pamoja nyumbani kwao Uyole jioni ile kuja kumsalimia baba, wakamkuta ameanguka. Kumbe Anjela hakutoka Uyole. Alikuwa hapahapa tangu siku iliyotangulia. Aliyetoka Uyole ni Obeid peke yake.

Obeid alikuwa mbele ya nyumba akipanga viti vya kukodi, tayari kuvirudisha. Mfanyabiashara wa viazi, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya upole. Alimpa Mwamvita kiti, akakipangusa kwanza kwa kiganja. Mwamvita alimuuliza nani aliwasha moto wa msiba.

"Mimi, afande."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa kina Kalinga mkwe ndiye anayeshika moto. Anauwasha yeye, anautunza yeye. Ukizimika kabla ya matanga kuanuliwa, anatozwa faini."

"Na kuni nani alizichagua?"

"Mkwe."

"Hukuona ubao wenye misumari?"

"Kulikuwa giza la alfajiri, nilikuwa nalia. Nilitia kilichokuwepo."

"Majivu yako wapi?"

"Mtoni. Siku ya kuanua tanga mkwe anayazoa na kuyamwaga kwenye maji yanayokwenda. Waulize wazee." Alinyoosha mguu wa kiti kilichopinda. "Afande, ningeacha kuzichoma mbao hizo, hapo ndipo ungekuwa na haki ya kuniuliza kwa nini."

Hakuwa na jasho wala kigugumizi. Mwamvita alimtazama na kukiri moyoni kwamba amebanwa. Mtu mwingine yeyote akichoma kielelezo na kumwaga majivu mtoni, hakimu atamtazama kwa jicho baya. Huyu alifanya yote mawili hadharani, ukoo mzima ukimpa asante. Alimuuliza jioni ile alifika hapa na nani. Akajibu kwamba alifika na mke wake, kama ilivyoandikwa.

Mwamvita akaazima chekeche ya jirani na kwenda kwenye lile duara jeusi. Alichimba kwa kijiko udongo ulioungua, akachekecha kwa utulivu, wanawake wa uani wakinong'onezana kwamba afande anatafuta dawa. Chini kabisa, palipokanyagwa na kushindiliwa, akapata misumari miwili ya inchi nne. Moto ulikuwa umeipaka rangi ya bluu. Yote ilikuwa imepinda upande mmoja, kama inavyopinda ubao unapong'olewa kwa kuvutwa. Jailos hakuacha msumari kwenye ubao wowote. Basi kulikuwa na ubao mmoja uliotiwa motoni na misumari yake. Akaifunga kwenye karatasi, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha.

Furaha hiyo ilifika mpaka ofisi ya Afande Sosthenes. Afande si mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akazitazama picha za kenchi kwa kuzikuza, akaigeuza misumari kwa ncha ya kalamu. Kisha akapumua.

"Mwamvita, picha hii inaonyesha nini?"

"Ubao uling'olewa, afande."

"Na Jailos alikodiwa kufanya kazi gani?"

Mwamvita alijua jibu ni lipi na alijua litakavyosikika mahakamani.

Afande aliendelea taratibu, bila kumdharau. Msumari wa inchi nne upo kila ua wa Mbeya, na huu hauna damu, umepita motoni. Mtarimbo haukuacha alama kwa sababu ubao umeoza, nani anahitaji mtarimbo kung'oa ubao uliooza? Simu ya shangazi ni sababu ya watu kugombana, siyo uthibitisho kwamba mmoja kamuua mwingine, na shangazi mwenyewe kaomba isiandikwe. Upande wa pili kuna ugomvi uliosikiwa na mtaa mzima. Alisema kitu kimoja tu kinaweza kulisimamisha jalada hili: mtu aliyekuwepo, aliyeona kwa macho, na aliye tayari kusema.

"Unaye?" akauliza.

Mwamvita alichukua koti lake na kurudi Ilomba.

Anjela alikuwa upande wa nyuma akianika nguo za watoto, akitumia mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto aliubana kifuani ndani ya kitenge. Mwamvita alichukua nguo kwenye beseni na kumsaidia, wakaanika kamba nzima. Kisha akamwambia anachokijua. Kwamba alikuwa hapa tangu jana yake. Kwamba Obeid alikuja peke yake kumfuata. Kwamba baba alimzuia hapa uani, chini ya ukingo huu, na Obeid akanyoosha mikono juu na kuvuta kitu cha kwanza alichokifikia.

Anjela hakukana. Alibana kibanio kwenye shati la mtoto, akakibana tena palepale.

Mwamvita angeweza kuendelea kumsukuma. Lakini yako mambo ambayo mpelelezi akiyaficha, yatakuja kufumuliwa mahakamani na kesi yote itakwenda na maji. Akamwambia sheria ilivyo: mke anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, ila hakuna anayeweza kumlazimisha. Akikataa, hata hakimu hana la kumfanya. Alimwambia pia kwamba kesho Jailos anapelekwa mahakamani, na kwamba yeye Anjela ndiye mtu pekee duniani anayeweza kulizuia gari lisiondoke.

"Jailos ana mke," Mwamvita alisema.

"Namjua. Lea." Anjela alilitazama beseni tupu. "Alikuja msibani. Watu walimnyima kiti, akaenda kuosha masufuria. Aliosha mpaka jioni. Aliniambia pole, akaniapia kwamba mume wake hawezi kumgusa baba yangu."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia namwamini."

Upepo ulizipeperusha nguo.

"Mimi ndiye niliyempigia baba simu," Anjela akasema. "Miaka yote nilikaa kimya, nikawa naambiwa ninajua kuvumilia. Nikafungua mdomo mara moja tu, afande. Mara moja. Angalia kilichotokea." Akainua beseni na kuliweka kiunoni kwa mkono ule mzima. "Nikisema tena atakufa nani? Wanangu watamwita nani baba, na shangazi atasema nani alimleta muuaji kwenye ukoo? Nimekusikia. Sitasema. Hapa hapana anayetusikia, kwa hiyo nakuambia ukweli: naomba Mungu anisamehe, lakini sitasema."

Mwamvita alimwambia apumzike, afikirie, kituo kiko wazi usiku na mchana. Alimwandikia namba ya simu kwenye kiganja baada ya Anjela kutua beseni na kukataa karatasi. Anjela alisubiri amalize, akasema asante, akaloweka mkono kwenye ndoo iliyokuwa karibu na kuusugua kwenye ukingo wake mpaka wino ukaondoka. Alifanya hivyo bila chuki yoyote, akimtazama Mwamvita usoni.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mwamvita alipitia Ilomba tena. Hakujua anatafuta nini. Labda alitaka tu kumwona Anjela amesimama mlangoni na mtandio kichwani, tayari kwa safari. Alichokiona ni Obeid juu ya ngazi, upande wa nyuma. Alikuwa amekwisha kuzishusha mbao zote za zamani na sasa alikuwa akigongomea PVC zilizobaki. Ubao mweupe ulikuwa umepita juu ya zile kenchi zilizochanika, na mahali palipokuwa na pengo sasa palikuwa panang'aa. Shangazi Rozalia alisimama chini akimshikia ngazi. Wazee wawili wa mtaa walikuwa kwenye uzio, na mmoja akasema kwamba mkwe wa namna hii hapatikani siku hizi. Obeid alimwona Mwamvita akamsalimia kwa heshima, msumari ukiwa mdomoni.

Hakukuwa na sheria ya kumzuia mtu kutengeneza nyumba ya marehemu mkwewe. Mwamvita aliitikia salamu.

Kituoni gari lilikuwa limekwisha kuwashwa. Lea alikuwa nje ya geti na kibakuli cha uji, akiwaomba askari wamruhusu mumewe anywe kabla ya kupanda. Wakamruhusu. Jailos alikunywa amesimama, pingu zikigongana na kibakuli, kisha akamwona Mwamvita na uso ukamchangamka.

"Dada afande. Umeupata ule ubao?"

Alichoruhusiwa Mwamvita kumwambia mshtakiwa kilikuwa kidogo, na katika hicho kidogo hakuna kilichomfaa.

"Ulichomwa," akasema. "Msibani. Mbao zote."

Jailos alitikisa kichwa polepole. Hakuuliza nani alizichoma, maana kwake kuni za msiba hazina mwenyewe. Alimrudishia mkewe kibakuli, akamwambia arudi nyumbani asipigwe na baridi. Akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya gari akageuka, kama fundi anayekumbuka kitu saitini.

"Na ule upande wa nyuma? Niliuacha wazi. Nani anaumalizia?"

"Obeid. Mkwe wa marehemu."

"Afadhali," alisema Jailos, na alionekana kweli kupata nafuu. "Mwambie asizibananishe sana kwenye maungio. Aache nafasi kidogo. Plastiki ile ikipata jua inatanuka, akiibana itapinda na nyumba ya mzee itaharibika. Utamwambia, dada?"

Askari alimsukuma aingie. Lea alikuwa ameshika nguzo ya geti kwa mkono mmoja.

"Nitamwambia," Mwamvita alisema.